Chumvi Kwanza, Chujio Baadaye: Maji ya Kunywa kwa Mkazi wa Kaole

Mwenye nyumba mpya Kaole, au anayeanza kuinua kuta kwenye kiwanja alichopata kati ya Bagamoyo mjini na Mbegani, hupewa ushauri wa aina mbili kuhusu maji ya kunywa kabla hata hajapaua. Wa kwanza: nunua chujio, uachane na usumbufu wa kutafuta maji kila siku. Wa pili: usihangaike, piga simu, boza litakujazia simtanki na kijana wa bodaboda atakuletea dumu la kunywa. Kila upande una mashahidi wake, na kila mmoja husema kweli kwa nyumba yake. Tatizo huanza ushauri unapovuka uzio. Chujio na gari la maji havitibu ugonjwa mmoja. Chujio la kawaida huondoa tope na vijidudu, lakini chumvi hupita humo bila kizuizi. Gari huleta maji mahali yasipopatikana, au maji baridi mahali penye maji ya chumvi, lakini halina dawa ya vijidudu na mara nyingine ndilo linalovileta. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya chochote, jua maji uliyonayo yana chumvi kiasi gani. Jibu hilo ndilo litakaloamua ununue nini. Suala la vijidudu litakuwepo palepale, uwe umechagua chujio au umechagua kuletewa.

Tuanze na hesabu ya matumizi, kwa sababu wengi hununua suluhisho kubwa kuliko shida. Mtu mzima katika joto la pwani anahitaji lita mbili hadi tatu za kunywa kwa siku. Ukiongeza chai, uji, wali na mchuzi, lita tano kwa kichwa zinatosha. Nyumba ya watu watano basi inahitaji lita 25 kwa siku za maji yanayoingia mwilini, yaani dumu moja na robo. Yanayobaki, ya kuoga, kufua, kudeki na ya chooni, yanaweza kufika mara nane au kumi ya hayo, na hayadai usafi wa maji ya kunywa. Anayefunga mtambo wa kusafisha simtanki zima la lita 5,000 ili watoto waoge maji ya kunywa anatupa fedha. Anayeagiza boza zima la maji baridi ili afulie mapazia anafanya vilevile. Maamuzi yote yanayofuata hapa yanahusu zile lita 25. Hizo nyingine zitoke popote zinapopatikana kwa bei nafuu, hata kama zina chumvichumvi na sabuni haitoi povu vizuri.

Sasa chumvi yenyewe. Mwambao huu una tabia yake chini ya ardhi. Maji ya mvua yanayozama mchangani ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake na kufanya tabaka la maji baridi lililolalia maji ya chumvi. Willem Badon Ghijben wa Uholanzi na Alexander Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake kati ya miaka ya 1880 na 1901, walilipigia hesabu jambo hili: kwa kila mita moja ambayo maji ya ardhini yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafurahisha ukiisoma upande mmoja, na inatisha ukiigeuza. Pampu ikishusha usawa wa maji kwa nusu mita tu na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi chini yake utapanda polepole kuelekea mita 20. Ndiyo maana kisima cha kale kilichopo kwenye magofu ya Kaole, karibu na mikoko, karibu pia na msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, kinasifiwa hadi leo kwa maji yake baridi, ilhali kisima cha mashine kilichochimbwa kirefu na kwa gharama kubwa mahali penye umbali uleule na bahari kinaweza kutoa maji ya kudekia tu. Anayechota kwa ndoo na kamba huchukua kidogo, tena kutoka juu. Pampu huvuta mengi, tena kutoka chini, na jirani zako watatu wakifunga pampu zao mwaka huohuo, mnavuta kutoka tabaka moja. Wanaochimba hapa hudhani kuongeza kina ni kuongeza usafi. Kwa bara ushauri huo mara nyingi hufaa. Kwa Kaole unaweza kukutia hasara.

Chumvi hupimwaje? Ulimi ni kipimo kizuri kwa siku chache za mwanzo, kisha hukuacha: ukishazoea maji ya chumvi huisikii tena, mgeni wako ndiye anayeisikia kwenye chai. Maharage yasiyoiva na sabuni isiyotoa povu ni dalili za maji magumu, ambayo mara nyingi huandamana na chumvi lakini si kitu kilekile. Kipimo kinachofaa ni kile kidogo mfano wa kalamu, kinachosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini kwa miligramu kwa lita. Wauzaji hukiita kipimo cha TDS. Shirika la Afya Duniani linayachukulia maji yaliyo chini ya miligramu 600 kuwa na ladha nzuri, na yakizidi 1,000 watu wengi huanza kuyakataa. Pima kisima chako mara mbili kabla ya kuamua, mara moja baada ya masika na mara moja mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu kisima cha pwani hubadilika kwa msimu. Kisima kinachosoma 500 mwezi Mei huenda kikasoma 1,200 mvua zikichelewa, na chujio ulilolinunua kwa kutegemea kipimo cha Mei halitakusaidia.

Hapohapo kuna mtego. Kalamu hiyo inaona chumvi tu, haioni vijidudu. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye dimbwi la vyura yanaweza kusoma chini ya 100, na maji mazuri kabisa ya bomba yakasoma 400. Muuzaji anayekuonyesha namba ndogo na kukuambia maji ni salama ama hajui kazi yake ama anajua sana. Mwingine huja na vyuma viwili vya umeme, akavitumbukiza kwenye glasi ya maji yako na glasi ya maji yaliyotoka kwenye mtambo wake. Baada ya dakika moja maji yako yamekuwa na rangi ya kutu na utando wa kijani, ya kwake bado meupe, na wenye nyumba wameshika vifua. Ile kutu inatoka kwenye vyuma vyenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme, umeme unakila chuma, na chuma kinaacha rangi majini. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme wa kutosha kufanya hivyo. Tia chembe ya chumvi ya jikoni kwenye glasi yake safi halafu umwombe arudie. Hutauziwa mbuzi kwenye gunia siku hiyo.

Machujio yenyewe ni ya aina chache, ingawa majina ya dukani ni mengi. La kauri, lenye mishumaa ya udongo mweupe ndani ya ndoo mbili zilizopandana, lina vitundu vidogo kuliko bakteria walio wengi, wakiwemo wa kipindupindu na homa ya matumbo. Virusi ni vidogo mno na vinaweza kupita. La mkaa, yaani mkaa ulioandaliwa maalumu kiwandani, huondoa harufu, rangi na dawa ya klorini, na watu hulipenda kwa ladha, lakini peke yake haliaminiki kwa vijidudu. La nyuzi tupu, ambalo maji hupenyezwa kwenye kuta za mirija myembamba mno, huzuia bakteria vizuri, na baadhi yake huzuia hata virusi. Taa ya miale ya urujuanimno huua vijidudu ndani ya maji maangavu ili mradi umeme upo. LUKU ikiisha, nayo imeisha. Hapa nchini Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio linaloanza na mchanga na kumalizia na chembechembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na tatizo la maji ya mahali husika. Kwa anayenunua, jambo la kujifunza kutoka kwa Hilonga ni hilo la kuanza na tatizo la mahali. Kaskazini tatizo ni floridi, huku kwetu ni chumvi.

Na chumvi kwa kiwango cha nyumbani ina mtambo mmoja tu, ule unaosukuma maji kwa nguvu kupenya utando usiopitisha madini. Mafundi huuita RO. Unafanya kazi kweli, lakini soma masharti yake kabla ya kutoa fedha. Mtambo wa nyumbani unataka mgandamizo wa takriban bari tatu, na bari moja ni sawa na maji yaliyopandishwa mita kumi. Simtanki lako lililo juu ya mnara wa mita tatu linatoa chini ya theluthi moja ya bari, kwa hiyo lazima uongeze pampu, na pampu inataka umeme. Kisha utando hautoi maji safi bila kumwaga mengine: kwa kila lita moja ya kunywa, mitambo mingi humwaga lita mbili hadi nne zenye chumvi kali kuliko ya mwanzo. Tukichukua lita tatu, zile lita zako 25 zitakudai uvute 100 na umwage 75. Hizo 75 zinafaa chooni, wala usizimwagie mchicha. La mwisho, na hili wauzaji hulipita mbio, tando nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa maji yasiyozidi miligramu 2,000. Kisima kilichoingiliwa na bahari hasa hupita hapo, na utando huziba kabla ya muda wake.

Ukishajua hayo, uamuzi unaanza kujipanga wenyewe. Chukua kwanza nyumba iliyofikiwa na bomba la DAWASA. Maji hayo hutoka mto Ruvu, na mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na baadaye kupanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, uko wilayani Bagamoyo hapa hapa, ingawa sehemu kubwa ya maji yake hupita kwenda kunywewa Dar es Salaam. Ni maji ya mtoni yaliyotibiwa, hayana chumvi ya kukusumbua. Kwa nyumba ya namna hiyo chujio linashinda bila ubishi mkubwa. Usihesabu kwa shilingi, maana bei hubadilika kati ya duka na duka. Hesabu kwa madumu. Gawanya bei ya chujio kwa bei ya dumu moja la maji ya kunywa unayoletewa mlangoni. Likitoka jibu la madumu 90, na nyumba yako inakunywa dumu moja na robo kwa siku, basi chujio limejilipa kwa siku 72. Baada ya hapo unalipia mishumaa mipya na bili ya bomba tu. Mpangaji naye ana sababu ya ziada ya kulipenda: siku ya kuhama hulifunga kwenye kanga na kuondoka nalo, kitu ambacho hawezi kufanya kwa mtambo uliopigiliwa ukutani mwa mwenye nyumba.

Atasema mtu: kama maji ya bomba yameshatibiwa Ruvu, nichuje nini tena? Pingamizi hilo lina nguvu, na lingenitosha kama bomba lingetoa maji saa 24. Lakini bomba la mgao si bomba lilelile. Maji yanapokatika mgandamizo huisha, na nyufa zilizokuwa zikivujisha maji nje huanza kunyonya maji ya nje ndani, yakiwemo ya mtaroni. Mwishoni mwa 2022 ukame uliposhusha Ruvu, mgao ulikaza Dar es Salaam na Pwani kwa wiki kadhaa, na kila nyumba ikarudi kwenye ndoo na mapipa. Na ndoo ndipo habari ilipo. Jim Wright, Stephen Gundry na Ronán Conroy walikusanya mwaka 2004 tafiti 57 zilizolinganisha maji pale yanapochotwa na pale yanaponywewa nyumbani, wakaona kwamba mara nyingi maji yaliyotoka salama huchafuka baada ya kuchotwa. Mikono, kata inayoachwa sakafuni, mdomo mpana wa ndoo, mtoto anayechovya kikombe. Hali ya mgao nayo si ya jana. Gilbert White, David Bradley na Anne White waliandika mwaka 1972 kuhusu uchotaji wa maji Afrika Mashariki baada ya kupima nyumba kwa nyumba, na watafiti waliorudi maeneo yaleyale miongo mitatu baadaye, Dar es Salaam ikiwemo, walikuta nyumba zenye bomba zinatumia karibu nusu ya maji ziliyotumia zamani, na kuhifadhi ndani kumekuwa desturi ya watu wenye bomba pia. Kwa hiyo unachochuja ni safari ya maji tangu yalipotoka Ruvu, pamoja na siku tatu yalizolala kwenye pipa lako.

Nyumba ya pili ni ile isiyo na bomba na yenye kisima cha chumvi. Hapa mambo yanageuka, na wapenzi wa machujio wakubali tu. Kauri haitasaidia, mkaa hautasaidia, na kuchemsha kutaongeza chumvi, kwa sababu maji huondoka kama mvuke na chumvi hubaki sufuriani. Kuletewa ndiko kunakoshinda, lakini kuletewa lita 25, si kuletewa maisha yote. Kisima kibaki cha kuoga na kufua. Dumu la maji baridi liwe la kunywa na kupikia. Kama kuna gati la maji au jirani mwenye bomba anayeuza kwa ndoo, dumu hilo ulilolichota mwenyewe ni bora kuliko la mchuuzi usiyejua limejazwa wapi. Anayeagiza boza kwa sababu hana kisima kabisa asimamie mambo mawili gari likifika. Aulize limejaza wapi, kwa sababu maboza mengine hujaza kwenye maji ya mamlaka na mengine kwenye visima vya watu binafsi, na rangi ya gari haikuambii ni lipi. Kisha, kabla mpira haujaingizwa kwenye simtanki, akinge glasi moja, aonje, apime kwa kalamu. Maji yakishachanganyika na yako huna tena madai. Atazame pia ncha ya mpira ule. Umeburutwa barabarani, umelala kwenye tope la kituo kilichotangulia, na sasa unatumbukizwa ndani ya maji utakayokunywa wiki mbili. Ndoo moja ya maji yenye klorini ya kuusuuzia haimchelewishi dereva zaidi ya dakika moja.

Kuna wanaosema kwamba maji ya chupa kubwa za lita 20 zilizofungwa yanamaliza hoja, kwa kuwa yana alama ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula nchini pamoja na viwango. Alama hiyo ina maana, na chupa yenye kifuniko kilichobanwa kiwandani ni chaguo la kuaminika kwa nyumba yenye kichanga au mgonjwa. Ila alama inahusu kiwanda na maji yalipotoka kiwandani. Haihusu chupa iliyojazwa tena dukani na kuvalishwa kifuniko kipya, haihusu chupa iliyoanikwa juani kwenye baraza la duka mpaka ukijani ukaota chini yake, na haihusu dispensa yako ambayo tangi lake la ndani halijasuguliwa tangu inunuliwe. Pitisha kidole ndani ya koki ya dispensa. Kikitoka na utelezi, unachokunywa si kile ulichokilipia. Chupa hizo pia ndizo maji ya ghali kuliko yote kwa lita, kwa hiyo nyumba yenye maji ya bomba isiyo na mgonjwa inayozinunua kila wiki inalipia mazoea.

Nyumba ya tatu haitajwi sana katika ubishi huu, nami naona ndiyo inayofaa kuliko zote kwa Kaole: nyumba yenye paa la bati na kisima cha chumvi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Ukanda huu hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikianguka katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Paa dogo la mita 50 za mraba, ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, linakupa lita 40,000. Mahitaji yako ya kunywa na kupikia kwa mwaka ni lita 9,125. Paa lako lina zaidi ya mara nne ya maji unayoyahitaji, tena yasiyo na chumvi hata chembe, na kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka: miezi minne ya Juni hadi Septemba inakudai lita 3,000, ukubwa wa simtanki moja la kawaida. Maji hayo hupitia kinyesi cha ndege na majani ya mwembe, kwa hiyo yanahitaji chujio la kauri au dawa. Hapa ndipo chujio linapopata kazi yake halali hata kwa mtu wa kisima cha chumvi, kwa sababu chumvi haipo tena na kilichobaki ni kile chujio linachokiweza. Paa la makuti halifai. Hutoa maji ya rangi ya chai na wadudu.

Kwa wenye kusema kuchemsha kunatosha: kunatosha kwa vijidudu, hilo halina shaka, maji yakitokota kwa dakika moja. Shida ni mkaa. Kuchemsha dumu moja la lita 20 kwenye jiko la kawaida hula karibu kilo moja ya mkaa, na nyumba inayofanya hivyo kila siku itajikuta inachemsha Jumatatu, inaruka Jumanne, na kunywa lolote Jumatano. Kuchemsha ni akiba nzuri ya dharura, si utaratibu. Na kwa wenye kusema wazee wetu walikunywa visimani na wakaishi: walikunywa visima vya kijiji chenye nyumba chache na vyoo vichache. Leo kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina kisima upande mmoja na choo cha shimo upande wa pili, na jirani amechimba cha kwake nyuma ya ukuta, ilhali wataalamu hutaka angalau mita 30 kati ya choo na kisima. Mchanga wa pwani unapitisha maji haraka. Kinyesi hakileti vijidudu tu, huleta pia naitreti, ambayo chujio la kauri haliondoi wala kuchemsha hakuondoi, na ni hatari zaidi kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Sampuli ya maji ya kisima kilichobanwa na vyoo ipelekwe kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji kabla ya mtoto kuzaliwa, si baada ya kuugua. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa bara na visiwani kiliwapata watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500 kabla ya kutulia.

Ndiyo maana klorini haitoki kwenye mpango wowote kati ya hii. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 kinatibu dumu la lita 20 za maji maangavu. Subiri dakika 30. WaterGuard ya chupa hupimwa kwa kifuniko chake kama lebo inavyoelekeza. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwani tope hula dawa. Jambo moja la mpangilio huwapita wengi: chujio lenye mkaa huondoa klorini, kwa hiyo maji yanayotoka humo hayana mlinzi tena. Ukiyaweka kwenye ndoo wazi, umerudi ulipoanzia. Yakae kwenye chombo chenye mfuniko na koki, kisichoingizwa kata wala kikombe. Mshumaa wa kauri nao hupigwa brashi laini kwa maji safi bila sabuni, mara unapoanza kuchelewesha maji, na ukishapasuka hata ufa wa unywele, utupe. Ukitaka kujua kama umepasuka, uzamishe majini na upulize kwa mdomo kupitia shina lake: mapovu makubwa yakitoka sehemu moja, ufa uko hapo.

Nyumba nyingi za Kaole zitaishia na mchanganyiko: kisima cha kuogea, mvua ya kunywa, chujio la kauri mezani, na namba ya muuza maji kwenye simu kwa mwezi wa kumi mvua zikichelewa. Kama umeamua hivyo, mifereji ya paa iwe imefungwa na tangi limewekwa kwenye msingi wa zege kabla ya Machi, kwa kuwa mafundi wa bati hawapatikani kirahisi masika ikishaanza. Weka kipande cha bomba chenye kifuniko cha kufungua chini kabisa, kabla ya tangi, ili maji ya dakika za mwanzo ya mvua ya kwanza, yenye vumbi la kiangazi kizima, yamwagike chini. Funika mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba usiopitisha mbu. Na kabla hujalipia lolote kati ya hayo, nunua ile kalamu.